Vyungu Vibaki, Maji Yamwagwe



Jumamosi ijayo, baada ya kipindi cha pili, tutapiga kura kuhusu vyungu vya roshani. Wapo wazazi wanaotaka vyote viondolewe kabla mvua za Aprili hazijaanza, kwa sababu ya mbu. Mimi nitapiga kura vibaki. Naomba mnisikilize, kwanza kuhusu mbu, halafu kuhusu kura yenyewe, maana naona ya pili imefikiriwa kidogo kuliko ya kwanza.

Wanaoogopa mbu hawaogopi bure. Mwaka 2014 mkoa wa Guangdong ulipata wagonjwa wa homa ya dengue zaidi ya 45,000, wengi wao hapa Guangzhou, na wilaya yetu ya Baiyun ndiyo iliyoongoza mjini. Baadhi yenu mlikuwepo, mnaikumbuka ile harufu ya dawa ya kupuliza kwenye ngazi. Halafu Julai 2025 ikaja chikungunya katika wilaya ya Shunde, mji wa Foshan, na mwanzoni mwa Agosti wagonjwa walishapita 7,000. Foshan si ng'ambo. Unapanda metro hapa na unashuka kule bila kutoka chini ya ardhi. Maofisa wa mitaa walikuwa wakigonga mlango kwa mlango wakiangalia vyungu vya maua, na aliyekutwa na maji yaliyotuama baada ya kuonywa aliweza kutozwa faini.

Watoto, hapa nina jambo lenu. Mnajua neno "chikungunya" limetoka wapi? Rafiki zenu Wachina wanalitamka kwa shida, madaktari wa Ulaya vilevile, lakini ni neno la nyumbani kwetu. Ni Kimakonde. Ugonjwa huu ulielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza huko Newala, kusini mwa Tanganyika, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Wamakonde waliwaona wagonjwa wanavyojikunja kwa maumivu ya viungo wakaupa ugonjwa jina la kukunjika huko, na dunia nzima ikalichukua. Na dengue je? Karne ya 19, homa kama hiyo ilipopita Zanzibar, watu waliiita kidinga pepo, na wanahistoria wengi wa maneno wanadhani jina la dengue lina asili hapo. Tanzania mpaka leo utamsikia mtu akisema kidingapopo. Kwa hiyo mkiulizwa shuleni kwenu siku za kawaida Kiswahili na ndugu zake wamechangia nini katika sayansi, mna jibu, ingawa si la kujivunia sana.

Newala ina somo jingine pia. Uwanda wa Wamakonde uko juu na maji yake ni ya shida. Wanawake walikuwa wakiteremka mbali kuyafuata na kuyahifadhi ndani ya nyumba, vyunguni, siku nyingi. Mbu wakazaliwa humohumo. Wale akina mama hawakuwa na njia ya kumwaga, kwa sababu kila tone lilikuwa limebebwa kichwani. Sisi tuna bomba. Kama tunashindwa kumwaga kisahani cha maji mara moja kwa wiki, basi tusikilaumu chungu.

Nadhani tatizo letu moja ni kwamba tumelelewa na mbu wa malaria. Huyo huja usiku, anapenda madimbwi na mashamba, na dawa yake ni chandarua. Tukifika hapa tunaona madimbwi hakuna, tunasikia kwamba China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 kuwa haina malaria tena, tunapumua. Mbu wa hapa ni mwingine. Ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, Wachina humwita huawenzi, mbu wa madoadoa, na anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Yaani saa zile watoto wako nje au darasani. Hahitaji dimbwi, kizibo cha chupa chenye maji kinamtosha. Mayai anayagandisha ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja mvua. Yakishapata maji katika joto letu la Juni, wiki moja hivi mbu keshatoka. Ndiyo maana kumwaga peke yake hakutoshi. Lazima usugue ukingo kwa brashi.

Sasa tembeeni shuleni kwetu kwa macho ya huyo mbu. Roshani ina vyungu kumi na kitu vyenye udongo, na udongo uliolowa si mahali pake pa kuzaliana. Visahani vya chini ndivyo vyenye hatari, hilo nakubali. Lakini kuna ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi nyuma ya mlango. Kuna mwavuli uliovunjika umelala kifudifudi tangu mwaka jana, mikunjo yake imejaa maji. Na pale mezani karibu na rafu ya viatu kuna chombo cha kioo chenye mianzi ya bahati, ile fuguizhu ambayo kila duka la Guangzhou inayo, imesimama katika maji ambayo sijui nani aliyabadilisha mara ya mwisho. Hiyo ndiyo mimea ambayo watu wa afya wa mji huu huitaja kila mwaka. Hakuna aliyependekeza mianzi iondolewe. Ni zawadi, inapendeza, na haina jina la Kiswahili la kutukumbusha chochote.

Mchicha una jina. Tena una majina. Msimu uliopita nilisimama mlangoni nikasikia mabishano ya watoto watatu mbele ya chungu kimoja: wa kwanza anasema mchicha, wa pili, ambaye mama yake ni wa Kiambu, anasema terere, wa tatu wa kutoka Bukavu anasema lengalenga. Wakageukia Kichina kusuluhishana, wakakubaliana kwamba sokoni ni xiancai. Nimekaa katika vikao vingi vya wazazi kuhusu namna ya kuwafanya watoto waongee Kiswahili bila kusukumwa. Sijaona kitabu kilichofanya kazi hiyo kwa haraka kama kile chungu. Kupanda, kupandikiza, kupalilia, kuchuma: maneno haya mtoto wa ghorofa ya 14 atayapata wapi kama si kwa vidole vyake?

Hali ya hewa ya hapa inatusaidia pia. Mchicha, bamia na matembele hustawi katika joto na mvua za kuanzia Aprili mpaka Septemba, ingawa tufani likitangazwa ni lazima vyungu viingizwe ndani. Majani ya matembele Wachina wanayauza kwa jina la hongshuye, na kipande cha shina ulichonunua sokoni ukikichomeka kwenye udongo kinashika. Desemba mpaka Februari, kukiwa na ubaridi na ukavu, ni zamu ya sukuma wiki. Mkikosa mbegu zake, pandeni jielan ya hapahapa. Ni jamii moja kabisa na sukuma, ladha yake tu kali kidogo.

Na kuna bibi zetu. Kila mwaka wanakuja wawili watatu kwa miezi michache kutazama wajukuu, na wengi wanashinda ndani, mlango umefungwa, televisheni ya lugha wasiyoijua. Jumamosi hapa wamekuwa walimu. Sijui tutawaambia wafanye nini kwenye roshani tupu.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Visahani vyote vijazwe mchanga, maji yasionekane juu. Ndoo na mapipa yafunikwe au yapinduliwe. Mianzi ihamishiwe kwenye udongo au mchanga, la sivyo ikae na familia inayoweza kuisugua kila wiki. Kila Jumamosi kabla ya somo la kwanza watoto wawili na mzazi mmoja wazunguke na brashi, na jina lao liandikwe ukutani. Familia ambayo haitaki zamu iseme mapema. Siku za mapumziko marefu, kama Mwaka Mpya wa Kichina, vyungu vigawanywe majumbani, kwa sababu jengo tupu lenye vyombo vya maji ndilo balaa.

Na mtoto akipata homa ya ghafla pamoja na maumivu makali ya viungo au vipele, msimpe aspirini wala ibuprofeni mpaka daktari ahakikishe si dengue, kwani dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, maji ya kunywa kwa wingi, na mpelekeni hospitali yenye kliniki ya homa, fare menzhen. Mwambieni daktari mmekaa wapi na mmesafiri wapi. Hata huyo mgonjwa msimwache aumwe na mbu, maana mbu akimuuma yeye ndiye atakayeupeleka ugonjwa kwa jirani.

Nije kwenye kura.

Fikirieni ni wapi tunapopiga kura sisi watu wazima wa shule hii. Katika majengo yetu, mambo ya paa na korido huamuliwa na wenye nyumba, na karibu sisi sote ni wapangaji. Kamati ya wakazi wa mtaa inatubandikia matangazo, lakini kuichagua si haki ya mgeni. Nyumbani? Mtanzania aliye hapa, kura yake iko kwenye kituo alichojiandikisha, na uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulipita tukiutazama kwenye simu. Mkenya ana Katiba ya 2010 inayosema haki ya walio nje itatekelezwa hatua kwa hatua, na mwaka 2022 hatua hizo zilifika nchi 12, kwa kura ya urais tu. Qatar ilikuwemo, Ujerumani ilikuwemo, China haikuwemo. Wakongo wa nje walianza Desemba 2023 katika nchi tano, na hii si mojawapo. Wanyarwanda ndio walioendelea: mwaka 2024 wa nje walipiga kura Julai 14, siku moja kabla ya walio ndani.

Wakenya wenzetu, uchaguzi wenu ni Agosti 2027. Ulizeni ubalozi Beijing sasa kama China itaongezwa, na muulize kwa maandishi, mkiwa wengi, badala ya kulalamika Julai. Angalieni pia pasipoti na kitambulisho, maana pasipoti ikiisha muda mtu anaweza kubaki nje ya daftari hata kituo kikiwa mlango wa pili.

Mtoto anayekulia hapa, basi, anaweza kufika miaka 18 bila kumwona mzazi wake akiweka karatasi ndani ya sanduku hata mara moja. Kwa sababu hiyo sipendi pendekezo lililopita kwenye kundi la wazazi kwamba tuinue mikono, familia moja kura moja, tumalize. Tunajua mkono unavyoinuliwa kwetu. Mjomba akishainua wake, nani ataacha? Mke atapinga mbele ya shemeji? Na "familia moja kura moja" maana yake ni kura ya baba, tusidanganyane, wakati wanaomwagilia ni akina mama na watoto.

Naomba kura iwe ya karatasi na ya siri, kila mzazi yake, na kila mtoto wa miaka minane na zaidi naye yake. Naona baadhi yenu mmekunja uso. Lakini watoto ndio watakaobeba brashi, na ndio watakaoumwa. Swali liwe moja, fupi: vyungu vibaki kwa masharti ya zamu, au viondolewe? Tusichanganye na suala la rangi ya pazia wala ada ya muhula. Kila upande upewe dakika tano, na mmoja wa wasemaji awe mtoto. Kura zihesabiwe mbele ya wote na watu wawili, mmoja wa kila upande, na idadi iandikwe ubaoni pamoja na zilizoharibika.

Upande wangu ukishindwa, nitakuja Jumapili na toroli kuvishusha vyungu, na mchicha nitaugawa kwa atakayetaka. Ukishinda, wale waliopiga "vibaki" wasiondoke kabla hawajaandika jina kwenye orodha ya zamu. Kubaki kwa vyungu bila majina ukutani nitakupinga mimi mwenyewe.

Karatasi za kura zitakatwa na darasa la wakubwa, na sanduku ni lile la viatu lililofungwa kwa karatasi ya kijani. Kila mtu aje na penseli yake. Mwenye brashi ngumu ya kusugulia nyumbani aje nayo, zilizopo shuleni ni mbili tu na moja imeng'oka nywele.