Wasomaji wa Mbinga wapewe mahali pa kuzungumza

Mjadala wa usomaji ukizuka nchini, lawama huangukia palepale: Watanzania hawapendi kusoma. Mtu akisema hilo Mbinga au kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, itabidi kwanza aeleze hawa wanaosoma kila wiki ni akina nani. Mkulima wa kahawa husoma stakabadhi ya chama chake cha ushirika (AMCOS) tarakimu kwa tarakimu, maana humo ndimo zilimo ada za watoto. Wanajumuiya husoma Injili ya Jumapili kabla Jumapili haijafika, katibu wa kikoba akasoma daftari mbele ya wanachama ambao hawasamehe kosa la shilingi mia. Wasomaji wapo. Wanachokosa ni mahali ambapo aliyemaliza riwaya, tamthilia au hata kijitabu cha ufugaji wa nyuki ataketi na wenzake mwishoni mwa wiki, aeleze alichosoma, abishiwe, kisha aondoke na jina la kitabu kingine. Nasema baraza la namna hiyo lianze kabla ya maktaba, na lianze ndani ya vikundi ambavyo tayari vinakutana.

Ushahidi wa nguvu ya baraza tunao hapahapa nchini. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki karibu asilimia 10 tu. Juhudi hizo hukumbukwa zaidi kwa madarasa ya chini ya miembe. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana vijijini kwa wiki 12. Redio ilitoa somo, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadiliana na kukubaliana nini kifanyike kabla hawajakutana tena. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Kijitabu peke yake kisingechimba hata choo kimoja. Nguvu ilitoka kwenye kusema mbele ya majirani kwamba utafanya, ukijua wiki ijayo utaulizwa. Miaka miwili baadaye kampeni ya Chakula ni Uhai ikapita njia hiyohiyo.

Baadaye tukaachia. Miaka ya 1980 karatasi ikawa adimu, magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililoanzia Mwanza mwaka 1974, yakapoteza nguvu, na maktaba za vijiji zilizofunguliwa kwa maelfu zikageuka kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani uliko. Sensa ya 2002 ilipofanyika, wanaojua kusoma na kuandika walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 70 ya watu wazima. Sidai kwamba kuvunjika kwa vikundi ndiko kulikoleta anguko lote. Watoto wengi walikosa shule miaka ile ya uchumi mgumu, na wao ndio watu wazima wa sensa ile. Lakini maktaba za vijiji zinatufunza jambo moja ambalo wapenzi wa majengo hawataki kulisikia. Zilianzishwa zikiwa na vitabu na zikafa zikiwa na vitabu. Hakuna aliyekuwa akisubiri kuulizwa amesoma nini.

Katika milima ya Umatengo, huku Mbinga, wazo la kukaa na kuzungumza halihitaji kuletwa na mtaalamu kutoka nje. Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, na baada ya chakula yakazungumzwa ya shamba, ya ndoa na ya ugomvi, vijana wakijifunza kwa kusikiliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipofanya kazi katika milima hiyo walikuta sengu ingali inakumbukwa vya kutosha kuitumia katika kupanga maendeleo ya vijiji. Kwa upande wa kanisa, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo, na leo katika Jimbo la Mbinga familia chache hukutana nyumba hii wiki hii na nyumba ile wiki ijayo. Mmoja husoma, wengine hueleza maneno yale yamewagusaje. Ufukweni, Waanglikana wana historia yao ya maandishi: misheni yao ilikuwa na mtambo wa uchapaji kisiwani Likoma, na Padre William Percival Johnson, aliyetafsiri Biblia kwa Kinyanja, alifia Liuli mwaka 1928. Watu wa ziwa walisafirishiwa vitabu kwa boti kabla hawajapata barabara. Kinachotakiwa sasa ni kupanua kile kinachosomwa na kujadiliwa. Utaratibu wa kukaa, kusoma na kusema watu wanao.

Tuchukue mfano wa kitabu kimoja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na riwaya yake Paradise ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Ni habari ya kijana Yusuf, anayechukuliwa na mfanyabiashara anayemdai baba yake. Kijana ndiye anayelipa deni kwa miaka yake. Jijini, riwaya hiyo huzungumzwa kama habari ya misafara na ukoloni. Isomwe Mbinga, na naamini mazungumzo yataelekea kwingine kabisa: kwenye magoma. Huku kila mtu anajua mkulima anayeishiwa fedha mwezi wa Februari na kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mkopeshaji, na msimu unapofika akavuna mali ambayo si yake tena. Serikali imekataza biashara hiyo zaidi ya mara moja. Katika mkutano wa hadhara ni vigumu mtu kusimama na kusema amekopa magoma, kwa kuwa mkopeshaji wake huenda amekaa mstari wa mbele. Katika baraza la kitabu atazungumza juu ya baba yake Yusuf. Atauliza alikuwa na njia gani nyingine, nani alimshauri, mama alikuwa wapi. Hapo ndipo riwaya inapomfaa mtu mzima: inampa mtu wa tatu wa kumsema, naye akayasema ya kwake bila kuvuliwa nguo.

Au Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita vya Majimaji, iliyochapishwa mwaka 1969. Huku mkoani Ruvuma vita hivyo si sura ya kitabu cha historia tu. Chifu Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, mji wa Songea una jina lake na makumbusho ya vita hivyo, na kila Februari kumbukumbu hufanyika. Wengi waliipitia tamthilia hiyo shuleni kwa ajili ya mtihani, wakakariri dhamira na wahusika, wakaifunga. (Sijui dhambi kubwa kuliko hii tuliyoitendea fasihi yetu: kumfanya kijana aamini kwamba kitabu huisha siku matokeo yanapotoka.) Wakiisoma wakiwa na miaka 40, wenye watoto na viongozi wa kuwachagua, swali la kwa nini watu hufuata neno wanalolitamani kuliko neno wanaloliona litawahusu kwa namna ambayo kidato cha tatu hakikuweza kuwaonyesha.

Pingamizi la kwanza ni la bei na upatikanaji, na lina uzito. Maktaba ya mkoa iko Songea, kiasi cha kilomita 100 kutoka Mbinga mjini, na kwa mtu wa Liuli ni safari ya siku. Riwaya moja huweza kugharimu mapato ya siku kadhaa ya kibarua. Ila pingamizi hili linachukulia kwamba kila msomaji lazima awe na nakala yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilisikiwa na watu wengi kuliko walionunua, kwa sababu aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Kikundi cha watu 20 kikichangia nakala mbili au tatu, sura moja ikasomwa kwa sauti na nyingine zikazunguka nyumbani wiki nzima, bei inagawanyika hadi kuwa kitu cha kuchangia kama maji ya chai. Vitabu navyo haviko mbali kama tunavyodhani. Peramiho, njiani kati ya Songea na Mbinga, wamisionari Wabenediktini wamechapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Na lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay inapitisha mabasi yanayobeba kila aina ya mzigo. Boksi la vitabu halitamshinda kondakta.

Wapo wanaosema mwisho wa wiki ni wa watu wa ofisini, kwamba mkulima wa ngoro, yaani mashimo ya kilimo ya Wamatengo, na mvuvi hawana Jumamosi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Kuanzia katikati ya mwaka, kahawa inapoiva, hakuna atakayeacha kuchuma na kumenya ili aende kuzungumzia riwaya, wala asitakiwe. Baraza lifuate kalenda ya mahali. Milimani lina nafasi baada ya mavuno, na Jumapili mchana baada ya ibada. Ziwani lina nafasi nzuri zaidi, na ajabu ni kwamba hakuna mpanga ratiba wa wilayani anayeitumia: usipa, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa pevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Siku hizo chache za kila mwezi wavuvi wako nchi kavu, nyavu zinashonwa, na watu wamekaa pamoja wakizungumza. Wanachokizungumza kwa sasa ni mpira, siasa na bei ya dagaa. Hakuna ubaya; hapohapo kitabu kinaweza kupata nafasi yake.

Kuhusu simu, sioni uadui mkubwa kama unaohubiriwa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule, na kijana mwenye simu moja anaweza kuwasomea wazazi wake hata kile ambacho hakipo dukani. Ubaya wa simu uko kwingine: riwaya za waandishi wetu husambazwa bure kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mwandishi asipate hata senti. Kikundi kinachonunua nakala mbili halali na kuzisoma watu 20 kinamtendea haki mwandishi kuliko watu 2,000 waliopokea faili na hawakulifungua.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la wale wanaosema kusoma ni jambo la faragha, na kwamba tukilitia kwenye vikundi litaishia mikononi mwa mwenyekiti, katibu na mgeni rasmi. Historia iko upande wao. Kampeni za miaka ya 1970 ziliamuliwa juu, ratiba ikatoka juu, na redio ilipomaliza wiki zake vikundi vingi navyo vikatawanyika, kwa kuwa havikuwahi kuchagua wenyewe cha kusoma. Kwa hiyo somo la Mtu ni Afya lichukuliwe nusu: tuchukue duara la watu na ile ahadi ya kuulizwa wiki ijayo, tuache maelekezo. Kitabu kichaguliwe na wasomaji wenyewe, hata kama ni hadithi ya kipelelezi ya Elvis Musiba na ofisa elimu angependa kitu kizito zaidi. Anayependa kusoma peke yake aendelee; hatuhitaji kumvuta. Ila tusisahau kwamba faragha ya kusoma ni anasa ya mwenye taa, chumba na saa moja bila kuitwa, na kwa mama wa Umatengo aliyetoka shambani na kuni kichwani, kikundi chake cha Jumamosi huenda ndicho mahali pekee anapoketi bila kuulizwa chakula kiko wapi.

Nani aanze? Sioni sababu ya kusubiri wizara. Elimu, mafunzo na habari ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika inayotambuliwa duniani kote, na AMCOS za Mbinga na Nyasa zina wanachama, maghala, viti na mikutano. Mara nyingi fungu la elimu huishia kwenye semina na posho. Wanachama waombe katika mkutano mkuu ujao kwamba sehemu ndogo ya fungu hilo inunue vitabu vya hadithi, tamthilia na kilimo, vikae ghalani, viandikwe kwenye daftari kama mbolea inavyoandikwa, na kila anayerudisha kitabu apewe dakika tano za kuwaeleza wenzake kilichomo. Ombi hilo liandaliwe sasa, kabla mkutano haujaitishwa.