Alama kwa Mwanafunzi, Kazi kwa Fundi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini wachache wetu tumewahi kuuliza: vimeundwa na nani, na huyo aliyeviunda alijifunzia wapi? Nauliza kwa sababu likizo iliyopita, nyumbani Busia, niliona jambo ambalo nimeshindwa kulinyamazia.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu katika shule moja upande wa Uganda. Anasoma Teknolojia na Usanifu, somo lililokuja na mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020. Kundi lao liliambiwa liunde kitu cha kutatua tatizo la jamii. Wakachagua jiko linalotumia makaa machache. Wakachanga pesa, wakampelekea fundi wa kuchomelea aliye karibu na soko, naye akalimaliza kwa siku moja. Jiko likapakwa rangi, likapelekwa shuleni, likapigwa picha. Kundi likapata alama za juu. Fundi alipata ujira wake tu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini mlango wa hewa aliufanya mdogo vile. Nilipomwuliza mdogo wangu swali hilo, alinitajia hatua za usanifu, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Simlaumu. Amefanya alichofundishwa. Ninachopinga ni kufundisha usanifu kama tunavyofundisha ngeli kwa mtu asiyeongea Kiswahili: orodha inakaririwa, mtihani unapitwa, na kinywa kinabaki bubu.

Ubaya ni kwamba haya yanatokea Busia, mji ambao hauna haki ya kukosa mifano. Bodaboda ilizaliwa hapa. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli walitambua kwamba kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda abiria anatembea kwa mguu na mizigo kichwani. Wakatia mto kwenye keria, wakaanza kuita, na wito wao ukawa jina. Nyuma zaidi, wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma cha vilima vyao na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Tororo nayo imekuwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari akikiona kiwanda hicho kila siku bila kuwahi kufinyanga tofali moja la saruji na kulijaribu litavunjika kwa uzito gani.

Tazama pia baiskeli za magurudumu matatu zinazovusha bidhaa mpakani. Waendeshaji wengi ni watu wenye ulemavu wa miguu. Wanazungusha pedali kwa mikono, na cheni inavuta gurudumu la mbele. Mafundi wa mtaani wamezirefusha nyuma ili zibebe magunia. Kazi nzuri, ila ina tatizo. Sanduku likipita sana nyuma ya ekseli, mzigo unainua mbele. Gurudumu linalovuta linakosa uzito wa kulikandamiza chini, na kwenye mwinuko linazunguka bure. Ndipo mwendeshaji anapomlipa kijana amsukume, na sehemu ya riziki yake inaondoka.

Hilo ni somo zima la usanifu, na halihitaji maabara ya mamilioni. Chukua baiskeli moja, mfuko wa saruji wa kilo 50, utepe wa kupimia, na mizani ya kuning'iniza ya sokoni. Uweke mfuko mahali pamoja, inua gurudumu la mbele kwa mizani, andika uzito. Sogeza mfuko kwa kiasi kidogo, pima tena. Baada ya vipimo kumi mwanafunzi ana jedwali, ana grafu, na ana jambo la kumwambia fundi ambalo fundi hakuwa nalo. Kanuni ya nguzo aliyoikariri katika fizikia itakuwa imepata kazi.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba shule hazina karakana. Kweli, nyingi hazina. Lakini karakana ziko umbali wa kutembea, na fundi anaweza kulipwa kwa siku kama anavyolipwa mgeni wa semina. La pili ni kwamba fundi hana cheti. Hana, na simwiti achukue nafasi ya mwalimu. Fundi ana mkono, mwalimu ana kipimo. Fundi ekseli ikipinda huweka nene zaidi, na chombo kinazidi kuwa kizito kwa mikono ya mwendeshaji. Anahitaji mtu wa kupima pamoja naye. La tatu ni mtihani. Hili ndilo zito: katika mtaala wa Uganda kazi za shuleni zina asilimia 20 tu, na mtihani wa mwisho 80. Basi hizo 20 zitolewe kwa haki. Mwanafunzi alete daftari la majaribio yaliyofeli, na kila kufeli kuwe na sababu yake. Jiko linaweza kununuliwa. Daftari la namna hiyo ni vigumu kulinunua, maana swali moja tu la mwalimu litamwumbua mwenye nalo.

Ng'ambo ya mpaka mambo hayajatofautiana sana. Kenya ilifungua Gredi ya 7 mwaka 2023, ikiwa na somo la matayarisho ya ufundi. Mtaala wa umilisi ukigeuka mtaala wa kunakili, tutakuwa tumebadilisha jina tu.

Nasi tunaosoma Kiswahili tusijifiche. Shuleni usanifu unafundishwa kwa Kiingereza. Karakanani fundi wa Busia na mteja wake kutoka ng'ambo wanaelewana kwa Kiswahili cha ekseli, beringi, spoku na rimu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Tulishangilia. Je, nani kati yetu, wanafunzi na wahadhiri, ameshuka karakanani na daftari kukusanya msamiati huo, badala ya kubuni istilahi mezani ambazo fundi hatazisikia kamwe?

Mdogo wangu atafanya mtihani wake mwakani. Atapita, sina shaka. Nilimwomba jambo moja kabla sijarudi chuoni: arudi kwa yule fundi, amwulize juu ya mlango wa hewa. Alicheka, akaniuliza, "Kwani hilo litatoka kwenye mtihani?"