Ukumbi wa Askari na Haki ya Kujitawala

Wako wanaosema kwamba kujenga ukumbi wa nyimbo na mikutano kwa jina la askari waliokufa vitani ni anasa, na wafu wanasingiziwa tu. Watu wa San Francisco, Marekani, hawakuona hivyo. Mwaka 1927 walipiga kura mji wao ukope dola milioni 4, wakajenga majumba mawili pacha, moja la opera na jingine la askari wa zamani, kuwa ukumbusho wa vita vya 1914–1918. Jumba la opera lilifunguliwa Oktoba 1932.

Sasa tazameni. Tarehe 25 Aprili 1945 wajumbe wa mataifa walikutana katika jumba hilo la opera ili kuunda Umoja wa Mataifa, na tarehe 26 Juni nchi 50 zikatia sahihi Mkataba katika ukumbi wa jumba la pili. Je, Afrika ilikuwa wapi? Bara zima lilikuwa na viti vinne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hicho cha mwisho alikikalia Jenerali Smuts, mjumbe wa serikali ya Wazungu watupu!

Hata hivyo, Sura ya 12 ya Mkataba ilisema nchi za udhamini ziongozwe kuelekea kujitawala au uhuru. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini mwaka 1946. Basi Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, akaidai ahadi hiyo, na Mwingereza hakuweza kusema anaingiliwa mambo ya nyumbani kwake, kwani sahihi yake ilikuwapo. Uhuru ulifika tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo nasema ukumbi unaishinda sanamu. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni nzuri, wala hatutaki iondolewe. Lakini kazi yake ni kuzungukwa na magari. Na wapagazi wa vita vile vile, waliowabebea Waingereza mizigo wakafa kwa njaa na maradhi maelfu kwa maelfu, wameachiwa jina la Kariakoo, na wengi wanaonunua ndizi pale hawajui limetoka wapi. Wajengewe ukumbi wenye viti na jukwaa, wananchi wabishane humo juu ya mambo yao, na majina yanayojulikana yaandikwe ukutani. Jiji litoe kiwanja hapo hapo Kariakoo, nasi tuchange.