Rutland, Kaunti Ndogo Iliyokataa Kufutwa

Mgeni afikaye Uingereza huonyeshwa kwanza London, kisha Birmingham na Manchester na miji mingine mikubwa ya viwanda. Ni wachache sana waonyeshwao Rutland. Kaunti hiyo imepakana na Leicestershire, Lincolnshire na Northamptonshire, na kati ya kaunti za kale za bara la Kiingereza hapana iliyo ndogo kuliko hiyo. Eneo lake ni maili za mraba 150 hivi, na mtu mwenye baiskeli nzuri aweza kuivuka toka mpaka hata mpaka kabla ya chakula cha mchana. Miji yake ni miwili tu, Oakham na Uppingham; nyingine zote ni vijiji vya nyumba za mawe, na mashamba ya ngano na malisho ya kondoo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 wakazi wake walikuwa 41,000 hivi, nao wasingetosha kujaza uwanja mmoja mkubwa wa mpira.

Hata hivyo, ni vigumu kuwapata Waingereza wajivuniao kwao kuliko watu hawa. Neno lao la fahari ni la Kilatini, Multum in Parvo, maana yake ni mambo mengi ndani ya kitu kidogo. Jina la nchi yao limo katika kitabu kikubwa cha hesabu ya ardhi alichoagiza Mfalme William mwaka 1085. Zamani majirani waliwapa jina la utani kwa sababu ya udongo mwekundu wa kutilia kondoo alama. Mkulima alimpaka kondoo dume udongo huo kifuani, na kila jike aliyepandwa alionekana mgongoni kuwa na rangi, basi mwenye kundi akajua ni nani wa kuzaa mapema na nani bado. Desturi hiyo ya kupaka rangi wafugaji wa Kiingereza hawajaiacha, nayo ina akili ndani yake.

Jambo lililoipa Oakham sifa kuliko yote ni viatu vya farasi. Mjini humo limesimama jumba la mawe lililojengwa mnamo miaka ya 1180 na bwana mmoja wa Kinormani, Walkelin de Ferrers. Ni desturi ya kale kwamba kila Lodi apitaye Oakham kwa mara ya kwanza sharti atoe kiatu cha farasi, kama ushuru kwa mwenye jumba. Vimetundikwa ukutani zaidi ya 200, na vingi si vya kuvaliwa na farasi ye yote, kwa kuwa vimefanywa vikubwa kupita kiasi na kupambwa kwa mataji. Kile cha zamani zaidi kilichosalia husemwa kuwa cha Mfalme Edward wa Nne, aliyewashinda waasi katika kaunti hiyo mwaka 1470. Malkia Elizabeth wa Pili naye alitoa chake mwaka 1967. Mahali pengi katika Uingereza watu hutundika kiatu cha farasi ncha zikielekea juu, ili bahati isimwagike. Watu wa Rutland hutundika ncha zikielekea chini, wakisema kwamba vinginevyo Shetani angepata mahali pa kukalia. Hakuna aliyeweza kuwabadilisha.

Mzaliwa wao mashuhuri alikuwa mdogo kama kaunti yenyewe. Jeffrey Hudson alizaliwa Oakham mwaka 1619, na alipokuwa kijana wa miaka saba urefu wake ulikuwa inchi 18 hivi. Duke wa Buckingham alimficha ndani ya pai kubwa katika karamu ya Mfalme Charles wa Kwanza, naye akatoka mle mbele ya wageni. Malkia Henrietta Maria alipendezwa, akamchukua kukaa naye. Lakini Hudson hakupenda kuchekwa daima. Mwaka 1644, akiwa Ufaransa pamoja na Malkia, alimwua kwa bastola mtu aliyemdhihaki, akafukuzwa. Kisha akatekwa na maharamia wa baharini, akawa mtumwa Afrika ya Kaskazini kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Watu wa Rutland humsimulia kwa furaha, hasa habari ya bastola.

Basi watu wa tabia hiyo ndio walioambiwa kwamba kaunti yao ni ndogo mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tume ya Serikali ilishauri Rutland iunganishwe na Leicestershire, jirani aliye mkubwa. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. Kaunti yenye watu wachache hukusanya kodi chache, na shule, barabara, polisi na wauguzi huhitaji fedha. Lakini wenyeji walikataa. Waliandika barua, wakasimamisha mabango, wakawasumbua Wabunge, na mwaka 1963 Serikali ikaiacha Rutland ilivyo. Ushindi huo ulidumu miaka 11. Sheria mpya ya serikali za mitaa ikapitishwa, na tarehe 1 Aprili 1974 Rutland ikawa wilaya tu ndani ya Leicestershire.

Wakati huo huo bonde lao lilikuwa likigeuzwa kuwa ziwa. Miji ya mashariki ya nchi ilikuwa ikikua na kukosa maji, kwa hiyo ukuta wa udongo ulijengwa karibu na kijiji cha Empingham kuuzuia mto Gwash, na maji yakavutwa kwa pampu kutoka mito ya Welland na Nene. Zaidi ya ekari 3,000 za ardhi njema zilifunikwa. Kijiji cha Nether Hambleton kilitoweka, na sehemu kubwa ya Middle Hambleton pia. Kanisa la Normanton lilinusurika kwa kujazwa mawe na saruji chini na kuinuliwa sakafu yake, nalo lasimama ukingoni maji yakilizunguka. Mkulima ye yote aelewa uchungu wa kuona shamba la babu likizama, hata kama fidia imelipwa. Ziwa hilo lingeitwa kwa jina la Empingham. Wenyeji wakadai liitwe Rutland Water, wakakubaliwa. Kaunti ilikuwa imefutwa katika sheria, lakini jina lake likaandikwa katika ramani kwa maji.

Kwa miaka 23 watu hawakuacha kulitumia jina hilo, na madai yao hayakukoma. Tarehe 1 Aprili 1997 Rutland ilirudishiwa baraza lenye mamlaka yote ya kaunti. (Kuondolewa na kurudishwa kote kuliangukia siku ambayo Waingereza hudanganyana kwa mzaha.) Makarani watafurahi kujua kwamba, kwa kuwa sheria iliiacha pia kuwa wilaya, jina kamili la baraza hilo katika hati likawa Baraza la Wilaya la Baraza la Kaunti ya Rutland. Mwaka 2007 idara ya posta nayo ililirudisha jina katika orodha ya anwani zake.

Tangu hapo sifa ya mahali hapo imekua. Ndege wa kuvua samaki waliokuwa wametoweka katika Uingereza waliletwa ziwani kutoka Scotland kuanzia mwaka 1996, wakazaa mwaka 2001. Mwaka 2020 mtoto wa mwenye shamba mmoja aliokota vigae vya ajabu shambani, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walipochimba wakakuta sakafu ya Kirumi yenye picha za vita vya Akile na Hektori. Mwaka 2021 mifupa ya mnyama wa baharini wa kale, mwenye urefu wa mita 10 hivi, ilionekana matopeni mwa ziwa. Tena Rutland ilijulikana kuwa kaunti ya mwisho katika bara hilo kukosa duka la McDonald's, hata lilipofunguliwa moja Oakham mwezi wa Novemba 2020. Si wote waliolishangilia.

Fahari hiyo ina gharama yake. Baraza dogo halina viwanda vikubwa vya kutoza, na kodi ya nyumba katika Rutland imekuwa miongoni mwa zile za juu kabisa nchini. Mwezi wa Februari 2025 Serikali iliyataka mabaraza ya Leicester, Leicestershire na Rutland yapeleke mashauri ya kuungana upya, maana iliona kwamba mabaraza makubwa huendeshwa kwa fedha kidogo zaidi. Hoja za miaka ya 1960 zikarudi mezani karibu kama zilivyokuwa. Safari hii wako wenyeji wasemao kwamba muungano wa namna fulani hauepukiki, na kwamba la kupigania ni jina, mpaka na heshima ya kaunti, wala si baraza lenyewe; na wako wazee wajibuo kwamba hayo hayo waliahidiwa mwaka 1974.