Joto la Masasi na Baridi ya Newala

Mtumishi wa Serikali anapopewa uhamisho kuja Kusini, na hasa akiwa anatoka Unguja, Pemba au Mafia, swali lake la kwanza huwa ni hali ya hewa. Huuliza kama Masasi kunakalika kwa joto, na kama Newala kunakalika kwa baridi. Wengi huichagua Newala kabla hawajaiona. Swali hilo si la kipuuzi. Lakini majibu yanayotolewa barazani mara nyingi hutolewa na watu wasiochota maji wala kutafuta kuni, nasi tunaona yafaa lijibiwe upya.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Anayesimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetandaa chini yake, na ng'ambo yake Msumbiji. Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni, upepo huvuma ukingoni hapo bila kizuizi, na asubuhi ukungu huficha nyumba ya jirani. Masasi ipo chini, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe matupu. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mawe hayo hulihifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku. Mtu wa visiwani amelizoea jua, lakini jua lake lina bahari pembeni. Hapa hakuna upepo wa pwani wa kumwokoa alasiri.

Watu wa visiwani wana historia yao katika jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafanya makazi Masasi. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi, na misheni ikapanda Newala, ikakaa huko miaka kadhaa. Hawakupanda kwa kutafuta ubaridi, walitafuta usalama. Wamakonde nao walikuwa wamekwisha kuujua ulinzi wa vichaka vizito vya uwanda huo dhidi ya wavamizi na wateka watumwa, ingawa juu hapakuwa na maji. Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliliandika jambo hilo la watu kuishi juu na maji kuwa bondeni. Sisi tuliosoma chuoni tunaikumbuka Sura ya Quraish, inayotaja safari ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Sura hiyo haikomei kwenye majira. Inafika kwenye njaa na hofu.

Basi shida kuu ya Newala haikuwa baridi. Ardhi ya uwanda ni ya kichanga, hunywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini ya miteremko. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, ulikuja kusukuma maji kutoka bondeni kwa pampu, na hiyo ni kazi inayokula nishati na fedha kila siku. Pampu ikisimama mwezi wa Oktoba, mwananchi wa Newala huwa na kiu sawa na wa Masasi, tena kiu yenye mlima.

Kwa maoni yetu, maji yakiwapo, joto humwonea maskini kidogo kuliko baridi. Kivuli cha mwembe na cha mkorosho hakilipiwi. Usiku wa joto mtu hutandika mkeka nje akalala. Baridi hudai blanketi, mlango unaofunga, kuni, na tumbo lililoshiba. Anayekosa vitu hivyo ni mzee na mtoto mchanga. Ofisa mwenye koti na mablanketi mawili huisifu Newala kuwa ni Ulaya ndogo. Tungependa kusikia pia neno la mama anayejifungua Julai katika wodi yenye madirisha ya nyavu tupu.

Tena kipupwe hakiishii kwenye ngozi ya mtu. Mkorosho huchanua katika miezi hiyo hiyo, na hewa ya ubaridi yenye unyevu ndiyo ukungu wa ubwiriunga unaoipenda. Ugonjwa huo, uliogunduliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, hushika majani machanga na maua, ua likakauka kabla ya kuzaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Bei ndogo na kuhamishwa kwa wakulima kwenda vijijini, mbali na mashamba yao, vilichangia sana, na asiyesema hivyo hasemi kweli. Lakini ubwiriunga ulimaliza kilichosalia. Ndugu zetu wa Pemba wanaoanika karafuu wanajua wingu la siku chache lina gharama gani. Mkulima wa korosho naye hulitazama anga la Julai kwa jicho hilo.

Kwa hiyo viongozi wanaopanga kazi za wilaya hizi hawana budi kuipanga kalenda kwa majira. Salfa ya kupulizia mikorosho iwe mikononi mwa wakulima kabla maua hayajachanua. Ikifika Septemba ni vumbi tu. Pampu zikaguliwe kabla ya Oktoba. Ramani ya zahanati iliyochorwa kwa ajili ya pwani isijengwe ukingoni Newala bila kubadilishwa madirisha, na darasa la Masasi lisiezekwe bati bila dari.

Na ndugu wa visiwani anayefungasha mizigo kuja Newala, alete blanketi zito, kisha atafute nyumba yenye tangi la kuvunia maji ya mvua. Aliyepangiwa Masasi aulize kwanza kama nyumba ina mti uani.