Mlezi si boda boda



Neno boda boda lilizaliwa huku kwetu. Wazee wa Busia wanalijua hilo vizuri. Zamani watu walibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka upande wa Uganda mpaka kile cha Kenya, na wenye baiskeli walikuwa wanaita abiria, "Boda! Boda!" Leo neno limeenea Afrika Mashariki nzima. Ni kazi ya heshima, na kaka zetu wengi wanakula kwa kazi hiyo. Lakini tuseme ukweli: boda boda anakuchukua, anakufikisha pale ulipolipia, anageuka kutafuta mwingine. Kesho hakuulizi umeamkaje. Hana deni hilo kwako.

Maoni yetu leo ni kwamba kumlea mtu katika imani ni kazi ya namna nyingine kabisa. Tena tunasema hivi kwa uchungu, kwa sababu sisi vijana wakimbizi tumebebwa na walezi wa aina ya boda boda mara nyingi, mpaka sasa na sisi tunaanza kuwabeba wadogo zetu hivyo hivyo.

Mnajua inavyokwenda. Mradi unakuja. Ni wa miezi mitatu, au sita. Tunaandikwa majina, tunagawiwa fulana, tunapewa mtu wa kutulea. Wiki ya kwanza anataka kujua yote: ulitoka wapi, nani alikufa, unaota nini usiku. Tunafungua moyo. Halafu siku ya cheti inafika, tunakunywa soda, tunapiga picha, na namba ya simu ya yule mtu haipatikani tena. Miezi minne baadaye anakuja mwingine na daftari jipya: "Haya, tuambie, ulitoka wapi?" Makanisa nayo hayajapona ugonjwa huu. Mkutano wa injili unafungwa, watu arobaini wameinua mikono, na mwezi ukiisha hakuna anayejua hata watano wao wanalala wapi.

Hatuwalaumu watu wa mashirika mmoja mmoja. Mkataba ukiisha umeisha, na mtu ana watoto wa kusomesha. Mwaka 2025 fedha za misaada kutoka Marekani zilipokatwa, tuliona na wao wanapoteza kazi ghafla, wengine bila hata kupata nafasi ya kuaga. Ndiyo maana tunaliandika jambo hili sasa. Kama malezi yetu yote yanategemea bajeti ya mtu aliye mbali, basi siku bajeti ikifa, na malezi yanakufa.

Tuangalie kwanza neno lenyewe, uanafunzi. Wengi wakilisikia wanawaza darasa: somo la kwanza, somo la kumi, mtihani, cheti. Lakini ukisoma Injili unaona Yesu alitembea na watu kumi na wawili, akala nao, akachoka nao, akakasirishwa nao. Wanafunzi wale walijifunza kuomba kwa sababu walimwona akiomba. Petro alimkana mara tatu, na bado Yesu alimtafuta, akamtengenezea samaki ufuoni, akampa kazi ya kuwachunga wengine. Programu gani ya leo ingemrudisha Petro? Tungeshamfuta kwenye orodha.

Na Paulo alipomwandikia Timotheo barua ya pili, alimwagiza kwamba yale aliyoyasikia kwake awape watu waaminifu, na hao nao wawafundishe wengine. Hesabu hapo: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika agizo moja. Tena kabla ya Paulo, Timotheo alikuwa amelelewa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hawa kina mama hawakuwa na mradi. Walikuwa na mtoto, na walikuwa na siku nyingi.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Wengi katika kundi letu wametoka Ituri, kwa hiyo jina la Boga wanalijua. Lakini si wote wanajua kwamba kanisa la pale lilipandwa na kijana wa Uganda aliyevuka mpaka kwa miguu. Anaitwa Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Aliwahi kuwa askari. Jina Kivebulaya ni la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Boga, wakati huo ikiitwa Mboga. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa, maana mtawala wa pale, Tabaro, aliwabana kwa chakula mpaka njaa ikawaondoa. Apolo alichukua jembe akalima mwenyewe. Si tunao ule msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Yeye hakungoja kupewa.

Haikuwa rahisi. Alipigwa. Alisingiziwa kwamba ameua baada ya mwanamke mmoja wa ukoo wa mtawala kufa kwa mkuki katika ajali, akafungwa, akapelekwa mbele ya wakubwa wa serikali, halafu akaachiliwa. Mtu akitendewa hivyo na watu aliokuja kuwasaidia, nani angemlaumu akirudi kwao? Alirudi Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Kisha wakoloni wakachora mipaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Apolo, Mganda, akawa mgeni kwa karatasi mahali alipokwisha kuwa mzee wa watu. Aliendelea. Umri ukiwa umeenda, akaingia msituni kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau, akakaa nao na kujifunza lugha yao. Alifia Mboga tarehe 30 Mei 1933. Tangu siku alipofika mara ya kwanza ilikuwa miaka kama 37. Na aliacha wosia azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kinyume cha desturi, kwa sababu kazi ya upande ule ilikuwa haijaisha.

Jamani, hebu fikirini: mtu hata akiwa kaburini anaonyesha njia ya kwenda mbele!

Lakini kitu kinachotugusa zaidi ni kilichotokea baada ya yeye kufa. Kazi haikufa naye. Aliacha walimu wenyeji wa pale pale, watu aliowafundisha kusoma, kuomba na kuhubiri, na hao wakawafundisha wengine. Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi, na Kanisa Anglikana la Kongo lilikua kutoka mbegu ile. Mwishoni mwa Mei 2021 wenye silaha walishambulia Boga na kuua makumi ya watu. Waliokimbia Ituri wamefika Kyangwali, na wengine wetu tumetawanyika mpaka huku mpaka wa Kenya. Tulikuja bila magodoro. Lakini desturi ya kukaa jioni na kuomba na watoto tulikuja nayo, kwa sababu hiyo haibebwi kichwani. Kumbe kazi ya mtu aliyevuka kwenda Kongo mwaka 1896 imevuka tena kurudi Uganda, mikononi mwa wakimbizi.

Tunajua kuna mtu atauliza: "Sawa, lakini Apolo alichagua kukaa. Mkimbizi hachagui. Leo niko Bulumbi, kesho naitwa kwenye mahojiano, mwakani niko Canada. Nitamleaje mtu maisha yote?"

Swali ni la haki, na eneo hili linalijua vizuri. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walikimbia ghasia wakaingia kupitia Busia na Malaba. Walikaa kambi ya Mulanda, huko Tororo, na ndani ya mwaka 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Watu walikuwa wameanza kufahamiana, wakapakiwa tena. Hayo ndiyo maisha yetu.

Jibu letu ni kwamba uaminifu hauhesabiwi kwa miaka unayokaa kijiji kimoja. Unaonekana katika namna unavyowashika watu, hata ukiondoka. Paulo hakukaa mahali. Alifukuzwa, alifungwa, merikebu ilimzamia. Aliwalea watu kwa barua, na alipoondoka mji aliacha wazee wa kanisa wanaojulikana kwa majina. Leo sisi tuko na simu. Sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp kila Jumapili jioni, miaka kumi mfululizo, inalea mtu kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi naye alikuwa mkimbizi. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Festo na mke wake walitoroka usiku kupitia milimani wakaingia Rwanda. Uhamishoni alihangaikia Waganda wenzake waliokimbia. Amin alipoangushwa mwaka 1979, alirudi kwa watu wake. Alifukuzwa kutoka mahali, lakini hakuwahi kuachana na watu.

Hapa lazima tuseme jambo moja bila kuficha. Kuna watu wanatumia neno ulezi kumiliki wengine. Mzee wa kanisa anayemwandikia binti ujumbe saa tano ya usiku ati anamlea kiroho. Kiongozi anayetaka kila uamuzi wako upitie kwake, hata ndoa, hata pesa uliyotumiwa na ndugu. Huo ni utumwa uliovaa kanzu. Mlezi wa kweli anakutana na watoto mahali watu wanapoona, hapokei zawadi za siri, anakubali kuulizwa maswali, na ana mtu anayemlea yeye. Tena lengo lake ni wewe uweze kusimama bila yeye. Apolo asingewaacha walimu nyuma yake kama angetaka wote wabaki watoto wake. Ukiona mlezi anakasirika unapokua, kimbia, na toa taarifa.

Kwa ninyi wa mashirika. Wengine wenu mnaogopa tukitaja imani, na sababu tunaielewa. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinakataza kutumia msaada kusukuma dini, na sisi tunazikubali. Sabuni isiuzwe kwa maombi. Katika kundi letu wako Waislamu, na hakuna anayelazimishwa kitu. Tunachoomba ni kingine. Msilete mlezi kabla hamjauliza nani analea tayari. Hapa Bulumbi yuko mama anayekusanya watoto wa Wakongo na wa Wasamia pamoja chini ya mwembe kila Jumamosi, na hakuna ripoti yoyote inayomtaja. Mtafuteni mtu wa namna hiyo, fanyeni kazi nyuma yake, mmfundishe ulinzi wa watoto, mmwachie vitabu. Na mkataba ukiisha, againi. Mwambieni kijana ukweli: naondoka tarehe fulani, na huyu ndiye atabaki nawe. Kuaga vizuri nako ni uaminifu.

Kwa sisi vijana. Tuache kungoja mradi. Kila mmoja wetu achague wawili, si ishirini. Wawili unaojua wanalala wapi, wamekula nini, na mwalimu wao shuleni ni nani. Kaa nao hata wakikuudhi. Wakianguka, wafuate kama Petro alivyofuatwa. Wafundishe unalolijua, hata kama ni kusoma sura moja na kuomba kwa lugha ya nyumbani. Mwaka wa pili uwaombe nao wachague wawili wao. Ukiitwa kuhama, usiondoke kabla hujawakabidhi kwa mtu, na namba yako ibaki ile ile kadiri inavyowezekana.

Na tuwatafute wazee. Wapo kati yetu watu waliomfuata Kristo miaka hamsini, wamezika watoto, wamepoteza mashamba, na bado asubuhi wanamshukuru Mungu. Tunawapita njiani tukikimbilia semina. Mzee kama huyo akifa bila kuulizwa swali hata moja, tumepoteza shule nzima.

Hatujui mwaka ujao nani kati yetu atakuwa hapa, nani Kyangwali, nani atakuwa amerudi Bunia. Lakini wale wawili wako unawajua. Wapigie simu leo, kabla bando halijaisha.