Miwani Si Kizuizi cha Urubani

Mwanafunzi avaaye miwani akisema kwamba angependa kuwa rubani, aghalabu huchekwa. Wenzake humwita "macho manne", na mwalimu, kwa nia njema, humshauri achague kazi nyingine. Ushauri huo hauna msingi.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama wake, limeweka kiwango bayana. Anayetaka kurusha ndege za abiria hana budi kufikia 6/9 kwa kila jicho, na 6/6 kwa macho yote mawili pamoja. Yaani, kila jicho lione kwa umbali wa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 9. Kiwango hicho chaweza kufikiwa kwa miwani, mradi rubani aivae awapo kazini na awe na nyingine ya akiba karibu naye.

Linalohitaji tahadhari zaidi ni rangi. Taa ya bawa la kushoto la ndege ni nyekundu, ya kulia ni ya kijani. Zipo pia taa kando ya njia ya kutua ambazo kwa wekundu na weupe wake humjulisha rubani kama yu juu mno au chini mno. Asiyeweza kupambanua rangi hizi huenda akanyimwa leseni au akawekewa masharti. Kwa kawaida kasoro hiyo hurithiwa, huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na miwani haiiponyi. Wako walio nayo wasijue, kwa kuwa hawajapata kuona vinginevyo.

Hapa ndipo penye hasara. Mafunzo ya urubani hugharimu mamilioni ya shilingi. Mzazi akiuza shamba alipe karo, kisha mwanawe aende kupimwa baadaye, huenda akapoteza shamba na leseni asiione. Kijana na apimwe kwanza, na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa ndege.

Neno rubani lilitumika kwanza baharini, kumtaja aongozaye chombo akaona mwamba kabla hakijaugonga. Mwalimu naye ni rubani. Amwonapo mtoto akikodolea ubao macho au akikanganya rangi za ramani, asimcheke wala asimkatishe tamaa. Amwambie mzazi mapema, mtoto akapimwe.